Kiwanda juu, vinyungu chini: mwongozo kwa tawi la chama cha wafanyakazi linalotaka kusimama na kijiji

Anayeijua Mufindi anajua ardhi yake ilivyokaa. Juu mgongoni kuna chai na misitu ya kupandwa, kiwanda kimejengwa karibu na barabara, na chini bondeni kuna kijito. Kandokando ya kijito, mvua zikishakatika, akina mama wanalima vinyungu: mahindi ya kuchoma, maharage, viazi, kabichi. Kila kinachomwagwa juu kinafika kwenye vinyungu kabla hakijafika kwingine kokote.

Nilikuwa katibu wa tawi kwenye kiwanda cha namna hiyo. Asubuhi moja ya Agosti, ukungu haujaondoka, mama mmoja alinisubiri getini na ndoo. "Kamwene." "Kamwene, mama." Akainamisha ndoo nione. Maji yalikuwa na rangi ya chai iliyokolea, na harufu yake niliijua maana nilifanya kazi ndani yake miaka kumi na moja. Akaniuliza, "Mwanangu, usiku mnafungulia nini?" Jibu nililijua. Nilijua hata ni koki ipi. Nikamwambia aende akaonane na meneja.

Mwongozo huu nimeuandika kwa sababu ya jibu nililompa siku ile. Ni kwa viongozi wa matawi kwenye chai, mbao, karatasi, mpunga, kahawa na migodi ya Nyanda za Juu Kusini, ambao kijiji jirani kinalalamikia maji, moshi, dawa au ardhi, nao hawajui waanzie wapi.

Neno moja kwanza. Duniani mapambano ya namna hii huitwa mapambano ya jamii asilia. Kwetu serikali husema Watanzania wote ni wenyeji, na zipo jamii zinazojitambulisha hasa kwa jina hilo: Wahadzabe, Waakie, Wabarbaig, Wamaasai. Hapa kusini utawakuta Wabarbaig na Wamaasai bonde la Usangu, pamoja na Wasangu, Wasukuma na wengine. Katika mwongozo huu nasema kijiji au wenyeji nikimaanisha wote ambao maisha yao yamefungamana na ardhi na maji ya mahali hapo, hata kama hawana hati wala kibanda cha matofali. Mfugaji mwenye kambi ya msimu yumo.

Hatua ya 1: Malizaneni na hofu ya kazi

Kabla hamjakanyaga kijijini, itisheni kikao cha tawi. Mtu wa kwanza kusimama atauliza: kiwanda kikifungwa, watoto wetu watakula nini? Msimzomee. Ni swali la haki, na mkilikwepa litawarudia siku mbaya, mbele ya mwajiri.

Lijibuni kwa hesabu. Tafuteni ndani ya kiwanda ni nini hasa kinachomwagwa na kukizuia kunahitaji nini. Kwetu mabwawa ya maji taka yalikuwa yamejaa tope miaka mingi, yamebaki na kina cha magoti. Maji yaliyotakiwa kutulia humo siku kadhaa yalikuwa yanapita tu. Dawa yake ilikuwa kuleta mtambo wa kuchimba, kutoa tope, na kubadilisha pampu moja. Mafundi wetu wenyewe walikaa wakaandika makadirio kwenye karatasi ya daftari. Wanachama walipoona kwamba tunazungumzia pampu na mtambo wa kukodi, hofu ya kufungwa kwa kiwanda ilipungua nusu nzima.

Kisha andikeni maswali matatu ubaoni, kila kitengo kijibu. Kitengo chako kinatoa taka gani na zinaelekea wapi? Aliyekuagiza uzipeleke huko alikuagiza kwa maandishi au kwa mdomo? Na wewe nyumbani kwako unakunywa maji ya wapi?

Hilo la tatu ndilo linalofungua kikao. Vibarua wa msimu wengi wanatoka vijiji vilevile vya chini. Kwetu alisimama binti wa kitengo cha kupembua majani, akasema wanawe anawalaza kwa bibi yao huko bondeni na kila Agosti wanaharisha. Ukumbi ukanyamaza. Mpaka dakika ile tulikuwa tunasema "wao".

Hapo pia mtakutana na makosa yenu. Wapulizaji dawa wetu walikuwa wakiosha mabomba yao ya mgongoni kwenye kijito, kwa sababu mwajiri hakuwajengea sehemu ya kuoshea. Msiifiche habari ya namna hiyo. Mpulizaji anayerudi nyumbani na nguo zilizolowa dawa na mama anayemwagilia kabichi kwa maji hayohayo wana dai moja, na sehemu ya kuoshea ni suala la usalama na afya kazini ambalo tawi lina haki ya kulidai kesho asubuhi.

Mkikubaliana, andikeni azimio, akidi ionekane, muhtasari usainiwe. Pelekeni nakala ngazi ya juu ya chama chenu, iwe TPAWU kwa mashamba, TAMICO kwa migodi na ujenzi au TUICO kwa viwanda, kabla mtu mwingine hajawapelekea toleo lake. Tawi linalojulishwa kwa viongozi wake na meneja limeshaanza vibaya.

Hatua ya 2: Ingieni kijijini kwa mlango wake, na msikilize

Mwanzo ni kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, kisha mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Nendeni kwa miguu au kwa daladala. Gari la kampuni likiwashusha pale ofisi ya kijiji, hata kama dereva ni mwanachama mwenzenu, kikao kimeisha kabla hakijaanza. Fulana za chama ziacheni nyumbani.

Lakini mlango wa ofisi hautoshi. Mwenyekiti anaweza kuwa na mwanawe kazini kwenu, au kuwa na ahadi ya madawati. Na katika mkutano mkuu wanaume huzungumza, wakati anayejua kijito ni mwanamke wa kinyungu. Ombeni ruhusa ya kuwafuata huko huko bondeni. Palipo na wafugaji, wafuateni kwenye kambi zao na mkalimani wanayemchagua wao. Wengi hawamo kwenye daftari la wakazi, na mkutano ukifanyika bila wao, maamuzi yatakuwa juu ya maji yao bila sauti yao.

Huenda mtapokelewa kwa baridi. Kwa kijiji, mfanyakazi wa kiwanda ni mkono wa kiwanda: ndiye mlinzi aliyemkamata kijana kwa kuokota kuni, ndiye dereva aliyepitisha katapila kwenye shamba. Kubalini kusemwa. Kama kuna la kuomba radhi, ombeni, na kwa jina la tawi.

Nchini Brazili, jimbo la Acre, wagema mpira waliwahi kutumwa na mabwana wa mpira kuwashambulia jamii asilia wa msituni. Wajukuu wao walipoanza kufukuzwa na wafugaji wakubwa waliokuja kukata msitu, walielewa kwamba peke yao hawataweza. Chico Mendes, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa vijijini cha Xapuri, alikuwa miongoni mwa waliojenga umoja na wale ambao mababu zao walikuwa maadui. Walisimama mbele ya misumeno na familia zao. Mendes aliuawa tarehe 22 Desemba 1988, na mwaka 1990 serikali ikatenga hifadhi yenye jina lake, karibu hekta milioni 1, ili wagema waendelee kuishi na kuvuna bila kukata msitu. Umoja ule ulianza kwa watu kukaa chini na kuyataja yaliyopita.

Sikilizeni pia dai lenyewe ni lipi, maana si lazima liwe lile mlilolitarajia. Huko Australia, tarehe 23 Agosti 1966, Wagurindji kama 200, wachunga ng'ombe na familia zao, wakiongozwa na Vincent Lingiari, waliacha kazi kwenye ranchi ya Wave Hill. Nje wengi walidhani ni mgomo wa mshahara, kwa sababu vyama vya wafanyakazi vilikuwa vikipigania mshahara sawa. Wagurindji walitaka ardhi yao. Vyama viliposikia, vilichanga fedha na kuwapeleka viongozi wa Wagurindji kuhutubia Sydney na Melbourne, wakazungumza wenyewe. Walivumilia miaka tisa, na mwaka 1975 waziri mkuu Gough Whitlam alimimina mchanga kwenye kiganja cha Lingiari kuonyesha kuwa sehemu ya ardhi yao imerudi.

Kwetu nilidhani kijiji kinataka kisima. Nilikuja na pendekezo la kisima mfukoni. Mzee mmoja akasema, "Kisima mtatuchimbia, na mto mtaendelea kuuchafua kwa amani." Nikalirudisha pendekezo mfukoni.

Hatua ya 3: Pimeni kabla ya kunyooshea mtu kidole

Hatua hii nimeiweka kwa ajili ya Usangu. Mto Ruaha Mkuu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Tangu 1993 umekuwa ukikauka kiangazi chini ya kinamasi cha Ihefu, ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na chini yake ndiko kuna bwawa la Mtera. Lawama iliwaangukia wafugaji. Mwaka 2006 na 2007 waliondolewa na mifugo yao, wengi wakapelekwa hadi Lindi, na mwaka 2008 eneo likaongezwa kwenye hifadhi. Mto uliendelea kukauka. Mashamba ya mpunga, makubwa kwa madogo, yanachota maji kutoka mito ileile inayoshuka kwenda Ihefu, na ng'ombe walipoondoka mifereji ilibaki.

Mfanyakazi wa shamba la mpunga Mbarali ndiye anayefungua mlango wa mfereji. Anajua maji yanaingia saa ngapi, na kama kiangazi yanafungwa au yanaachwa yakipotelea kwenye majaruba yasiyo na mpunga. Tawi la shamba la namna hiyo likikaa na wafugaji na wakulima wadogo na kuweka mezani kile kinachochotwa kulinganisha na kile kibali kinachoruhusu, litakuwa limetoa msaada ambao hakuna mtaalamu wa kutoka mjini anayeweza kuutoa.

Vibali hivyo vinatolewa na bodi za maji za mabonde. Bonde la Rufiji ofisi yake iko Iringa, Ziwa Rukwa iko Mbeya, Ziwa Nyasa iko Tukuyu. Kuna kibali cha kutumia maji na kibali cha kutiririsha maji taka, na ni vitu viwili tofauti. Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Barua iandikwe na mwanakijiji, si na mfanyakazi. Hilo linawapunguzia ninyi hatari na linamweka mwenye dai mbele.

Mkiwa hapo, someni kanuni ya mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto shughuli za kudumu au zinazoweza kuuharibu. Mara nyingi kanuni hiyo inatumika kung'oa vinyungu. Nilishaona mama anafyekewa mahindi yake kwa kanuni hiyo, na mita mia tatu juu yake bomba la kiwanda linaingia mtoni mchana kweupe. Ombeni futi ileile iliyopima kinyungu ipime na bomba, na mikaratusi iliyopandwa kwenye chemchemi nayo ipimwe.

Hatua ya 4: Madaftari mawili

Hii ndiyo kazi yenyewe. Kijiji kinaona kinachofika, ninyi mnaona kinachotoka. Ushahidi mzuri kuliko wote ni pale mambo haya mawili yanapowekwa pamoja.

Nunueni madaftari mawili ya kawaida. Moja liwe la zamu, juu. Jingine liwe kwa mtu mmoja aaminiwaye kijijini, chini. Kila daftari liandikwe tarehe, saa, rangi ya maji, harufu, povu, samaki waliokufa, mvua ilinyesha au la, na jina la aliyeona. La juu liongeze: pampu ipi ilikuwa inafanya kazi, koki ipi ilifunguliwa, nani aliagiza. Kalamu ya wino, kurasa zenye namba, hakuna kuchana karatasi.

Mtahitaji kujua maji yanachukua muda gani kushuka. Tupeni gunzi la hindi pale bomba linapoingia, mlifuate kwa miguu hadi kwenye vinyungu mkitazama saa. Kwetu ilikuwa saa moja na dakika arobaini kiangazi. Tulipoyaweka madaftari pamoja baada ya wiki sita, kila rangi iliyoandikwa chini asubuhi ilikuwa na koki iliyofunguliwa juu usiku, na tofauti ya saa ilikaa palepale. Rudieni kipimo cha gunzi msimu wa mvua, kwa sababu maji huenda kasi zaidi.

Sampuli za maji zichukuliwe na watu wawili, mmoja wa kijiji na mmoja wa tawi, mahali patatu: juu ya bomba, kwenye mdomo wa bomba, na chini yake. Mahali pa juu msipasahau, maana bila hapo mwajiri atasema uchafu ulikuja na mto. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji Iringa na Mbeya. Ongeeni nao mapema wawape chupa zinazofaa na wawaambie gharama. Chupa ijae hadi juu pasibaki hewa, iandikwe papo hapo, ikae gizani kwenye barafu, na ifike ndani ya saa 24. Andikeni chupa ilipita mikononi mwa nani na nani. Bila orodha hiyo, wakili wa upande wa pili ataiua sampuli yenu kwa dakika tano.

Mjue pia mnachokitafuta. Taka za chai, kahawa na mbao zisizotiwa dawa kwa kawaida hazina sumu kali, lakini vijidudu vinapozila hutumia hewa iliyomo majini, na samaki hukosa pumzi. Mwambieni mtu wa maabara apime hilo. Rungwe na Mbozi jambo hilo linaonekana msimu wa kumenya kahawa, maji yanapotoka machungu na meusi, na hapo mtambo mara nyingi ni wa AMCOS, ushirika wa wakulima, yaani ni wa wanakijiji wenyewe. Mazungumzo yake ni mengine kabisa, ya upole zaidi. Chunya ni habari nyingine. Zebaki inayotumika kwenye makarasha, yaani mitambo ya kusaga mawe ya dhahabu, huzama kwenye tope, kwa hiyo maji yanaweza kuonekana safi maabara wakati samaki amebeba sumu. Chukueni tope na samaki, wapelekeni kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Sayanidi kinyume chake hupotea kwa jua, kwa hiyo anayechelewa hapati kitu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na mchimbaji mdogo anayechoma dhahabu jikoni kwake anapaswa kuwa wa kwanza kulindwa nao.

Sasa usalama wa mwanachama. Msiibe nyaraka, msipige picha za kompyuta za ofisini, msiingie usiku mahali ambapo si zamu yenu. Andikeni mlichokiona mkiwa kazini, basi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema si sababu halali kumfukuza mtu kwa kutoa taarifa ambayo sheria inamruhusu kuitoa, wala kwa kukataa kufanya jambo ambalo mwajiri hana mamlaka ya kuliagiza, wala kwa kushiriki shughuli halali za chama. Ipo pia Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015. Hiyo inamlinda anayepeleka taarifa kwa nia njema kwenye mamlaka inayohusika. Anayeirusha kwenye kundi la WhatsApp yuko nje ya mwavuli. Vibarua wa msimu ndio wepesi wa kuachwa, kwa hiyo majina yao yasiwe kwenye daftari. Aandike mwenye ajira ya kudumu.

Hatua ya 5: Andikianeni kabla ya joto kupanda

Kabla barua ya kwanza haijaenda kwa mwajiri, tawi na kijiji wakubaliane kwa maandishi. Ukurasa mmoja unatosha. Wetu ulikuwa na mambo manne, nayaweka hapa myachukue mkitaka:

"Dai ni maji safi na fidia ya mazao yaliyoharibika. Kufunga kiwanda si dai letu, na hakuna upande utakaolitamka bila kukutana kwanza. Msemaji wa suala la mto ni kijiji; msemaji wa suala la kazi ni tawi. Hakuna upande utakaokubali fedha, mradi au ajira kutoka kwa mwajiri kuhusu suala hili bila kuuarifu mwingine ndani ya siku tatu. Mfanyakazi akiadhibiwa kwa ajili ya suala hili, kijiji kitasimama naye. Mwanakijiji akikamatwa, tawi litatafuta dhamana."

Semeni wazi na yale msiyoweza. Sisi tulisema hatuwezi kuahidi mgomo. Yule mzee akatikisa kichwa, akasema afadhali ajue leo.

Hatua ya 6: Mto uingie kwenye mkataba wa hali bora

Vyama vyetu vingi huenda mezani na mshahara, likizo na mazishi. Mazingira huachiwa idara ya kampuni. Hapa ndipo tunapoacha nguvu yetu lango la nje, kwa sababu kijiji hakina meza ya lazima na mwajiri, sisi tunayo. Ingizeni vifungu kama hivi, kwa maneno yenu:

"Hakuna mfanyakazi atakayeadhibiwa kwa kukataa kumwaga maji taka kinyume cha kibali, mradi atoe taarifa kwa msimamizi na kwa tawi ndani ya zamu hiyohiyo."

"Mwajiri atalipatia tawi nakala ya kibali cha kutiririsha maji taka na ya kila ripoti ya ukaguzi wa mazingira ndani ya siku 14 tangu aipokee."

"Uzalishaji ukisimama kwa amri ya mamlaka ya mazingira, mishahara itaendelea kulipwa, na vibarua wa msimu watapewa kazi ya ukarabati kabla ya kuletwa watu wa nje."

Kifungu cha tatu ndicho cha thamani kuliko vyote. Kikishasainiwa, mwajiri hawezi tena kutishia wafanyakazi kwa jina la kijiji. Sisi tulikipata duru ya pili ya majadiliano, baada ya kuacha asilimia ya nyongeza tuliyokuwa tumeiomba. Wapo wanachama walionilaumu, na ninawaelewa.

Hatua ya 7: Pandeni ngazi moja baada ya nyingine

Anzeni na barua kwa mwajiri, nakala kwa kamati ya usalama na afya kazini. Mpeni siku za kujibu. Kisha kijiji kiandike kwa bodi ya bonde na kwa NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, kanda ya Nyanda za Juu Kusini, Mbeya, kikiambatisha nakala za madaftari na majibu ya maabara. Nakala halisi zisitoke mikononi mwenu. Kila barua igongwe mhuri wa kupokelewa.

Ngazi ya mahakama ipo na imewahi kutumika. Wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walipata hukumu mwaka 1988 dhidi ya halmashauri ya jiji iliyokuwa inamwaga takataka kwao. Jaji Lugakingira alisema kuwaacha watu wavute moshi ule ni kuhatarisha haki yao ya kuishi, iliyo kwenye ibara ya 14 ya Katiba. Dampo lilipohamishiwa Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka 1991. Leo ni rahisi zaidi, kwa sababu sheria ya mazingira ya 2004 inampa kila mtu aishiye Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na haki ya kuidai mahakamani hata kama madhara hayajamgusa yeye binafsi. Tafuteni wasaidizi wa kisheria wilayani, au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu.

Angalieni pia fedha zinatoka wapi. Mradi ukifadhiliwa na benki ya nje, mara nyingi benki hiyo huwa na dirisha lake la malalamiko. Mradi wa utalii wa REGROW, uliohusisha Hifadhi ya Ruaha, uliidhinishiwa na Benki ya Dunia dola milioni 150 mwaka 2017. Wanavijiji walipeleka malalamiko yao, yakiwemo ya kunyang'anywa mifugo, kwenye Jopo la Ukaguzi la benki mwaka 2023. Aprili 2024 malipo yakasimamishwa, na Novemba 2024 mradi ukafutwa. Jopo hilo hupokea barua hata ya watu wawili tu. Kufutwa kwa mradi hakukumrudishia mtu ng'ombe wake, na hilo mliseme mapema mnapowaeleza wenyeji ngazi hii.

Hatua ya 8: Barabarani kwa taratibu zote

Mkutano wa hadhara au maandamano yanataka taarifa kwa polisi saa 48 kabla. Kuacha kazi kwa ajili ya maslahi ya kijamii na kiuchumi ya wafanyakazi kunaruhusiwa na sheria ya ajira, lakini lazima kuitishwe na chama kilichosajiliwa au shirikisho, taarifa ipelekwe baraza linalohusika siku 30 kabla, na notisi ya siku 14 itolewe. Tawi lisijaribu peke yake. Mara nyingi kinachofaa ni kidogo zaidi: wafanyakazi waliomaliza zamu wakishuka pamoja hadi mtoni, mchana, wakachota maji kwenye ndoo mbele ya wanakijiji. Sisi tulikuwa hamsini na kitu. Wiki iliyofuata mtambo wa kuchimba tope ulifika.

Hatua ya 9: Subirini mgawanyiko

Utakuja. Vijana wanane wa kijiji wataajiriwa ghafla. Madawati yatapelekwa shuleni. Mtaambiwa ongezeko la mshahara limekwama kwa sababu ya "watu wa mto". Kila linapotokea, rudini kwenye ule ukurasa mmoja, mkutane ndani ya siku zile tatu, mwambiane kila kitu, hata mlichopewa. Ajira za wale vijana zipokeeni kwa furaha na muwaandikishe chama siku ya kwanza.

Mambo yakitengemaa, msitupe madaftari. Viongozi wa tawi hubadilika, wenyeviti wa vijiji hubadilika, mabwawa hujaa tope tena taratibu. Wekeni siku moja ya kila mwezi ya kutembea mto kwa pamoja.

Kama hamjaanza, anzeni Julai au Agosti, maji yakiwa machache na uchafu ukionekana kwa macho. Bebeni daftari, kalamu mbili, chupa kutoka maabara, saa, na gunzi. Msianzie kwenye bomba mkashuka. Anzeni kwenye vinyungu mpande, na wenye vinyungu watangulie mbele.